Friji la Mama Mdogo

Pale Rasbura, Lindi mjini, ukimwuliza mtu nyumba ya Mwanaheri anaweza kukukodolea macho. Ukisema Mama Spea, hata aliyelala na homa atanyanyua mkono akuelekeze. Jina hilo lilitokana na kibaraza chake, ambacho hakikuwa na pa kuweka mguu kwa wingi wa vitu vilivyokufa: mafeni yaliyovunjika mapanga, redio zisizo na migongo, ving'amuzi vilivyopigwa na radi, mashine za kufulia zilizotoka ng'ambo zikiwa zimeshachoka. Watu walivileta kama wapelekavyo taka jalalani. Mwanaheri alivipokea kama apokeaye wageni.

Ufundi alifundishwa na kaka yake Majid, Mungu amrehemu, aliyekuwa na meza ya kutengenezea redio karibu na soko. Mwanzo alikuwa akimshikia tochi tu. Baadaye Majid alipoanza kuugua macho, dada ndiye aliyeona na kaka ndiye aliyeelekeza, mpaka vidole vya Mwanaheri vikajua njia peke yake. Majid alipofariki, watu walidhani meza ile itauzwa. Haikuuzwa. Ila Mwanaheri hakupenda kukitengeneza kitu kirudi vilevile kilivyokuwa. Alipenda kukigeuza. Mota ya mashine ya kufulia aliifanya ikune nazi, na wapika wali wa mtaani wakaacha kuchubuka vidole. Feni la kompyuta alilifanya lipulizie jiko la mkaa. Na friji bovu alilifanya litotoe vifaranga.

Hilo la friji ndilo lililompa sifa. Friji, alisema, kazi yake ni kuzuia joto lisiingie, basi litashindwaje kulizuia lisitoke? Ndani alifunga balbu mbili za kutia joto, akaweka feni dogo la kulizungusha, na kidude alichokichomoa kwenye pasi ya umeme kikawa kinazima balbu joto likizidi. Mayai yalipangwa kwenye waya wa rafu, pembeni pakaning'inizwa kipimajoto. La kwanza alijiwekea mwenyewe. La pili akampelekea mama yake mdogo, Bi Mwanaima, kule Rutamba.

Huyu Bi Mwanaima ndiye aliyemlea. Mama yake mzazi alifariki Mwanaheri akiwa bado hajui kujifunga kanga, na mama mdogo akamchukua, akamkuza katikati ya mikorosho yake na kuku wake pamoja na mwanawe wa kumzaa, Hussen. Kwa hiyo friji lile halikuwa biashara. Ilikuwa shukrani. Hata mpini wa mlango, kwa kuwa ule wa plastiki ulikuwa umevunjika zamani, Mwanaheri aliutengeneza upya kwa chuma alichokikata kwenye kitanda chakavu, akakisugua mpaka kikang'aa, ili mama mdogo apate kitu kizuri cha kushika.

Asubuhi moja ya masika, Mwanaheri alimaliza kupiga deki nyumbani kwake, akaenda peku, sakafu bado ikiwa na maji, kutazama mayai yake. Akashika mlango wa friji.

Kitu kikamdaka.

Hakikumpiga kama watu wasemavyo. Kilimkamata, kikamkunja mkono mpaka kwapani, kikamtikisa meno. Alitaka kupiga kelele lakini koo lilikuwa si lake. Kisha maji yakamtelezesha mguu, akaanguka chali, na uzito wa mwili wake ndio uliomng'oa. Alikaa pale sakafuni mgongo umeegemea ukuta, mdomoni mna ladha ile aipatayo mtoto anayelamba betri. Akajipapasa kifua. Moyo ulikuwa unakwenda mbio na kusimama, unakwenda mbio na kusimama.

Mwanaheri alikuwa ameshapigwa na umeme mara nyingi, kwa fundi ni kama mpishi kuungua. Ila hizo zote zilikuwa ndani ya kazi, mkono ukiwa umekosea waya. Hii ilikuwa imemjia kutoka kwenye mlango. Mlango ambao mtu yeyote anaushika.

Alipopata nguvu alivaa ndala, akachukua testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, akaigusisha kwenye bati la friji. Kitaa kikawaka. Akaigusisha ubavuni. Kikawaka. Friji zima lilikuwa na umeme. Akachomoa plagi, akageuza friji, na hakuchukua muda kuona. Waya wa balbu ulipita kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa drili kando ya bawaba, na tundu lile hakulivika mpira. Kila mlango ulipofunguliwa, waya ulisuguka kwenye ukingo wa bati. Miezi kwa miezi bati lilikuwa linautafuna, mpaka likafika kwenye shaba.

"Hili langu nalifungua mara moja kwa siku," alijisemea. Na papo hapo akili yake ikaruka mpaka Rutamba. Mama mdogo alikuwa akilifungua la kwake asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu alipenda kuwatazamisha majirani.

Tundu la kule lilikuwa lilelile. Mpira, vilevile, haukuwepo. Na mpini ulikuwa wa chuma.

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, na tena, kana kwamba yule mwanamke wa kwenye simu ataona huruma. Ndipo alipomkumbuka Salome, jirani wa mama mdogo, akampigia.

"Shikamoo dada Mwanaheri."

"Marahaba. Salome, uko karibu na mama?"

"Hapana dada, niko shambani ng'ambo ya mto. Mto umejaa, tumekwama huku tangu alfajiri. Kuna nini?"

"Mbona simu yake haipatikani?"

"Itapatikanaje? Umeme hamna tangu jana jioni, nguzo imelazwa na mvua. Simu zote zimezima, yangu nayo inakata roho. Mafundi wanaihangaikia."

Mwanaheri akashusha pumzi. Umeme hamna. Kwa dakika chache lile neno lilimtuliza kama maji ya kunywa. Kisha likageuka. Kwa sababu alikumbuka maneno aliyomwachia mama mdogo siku alipompelekea lile friji, maneno aliyoyarudia mara tatu ili asisahau: "Umeme ukikatika, lifunike blanketi, usilifungue kabisa. Umeme ukirudi, usingoje, fungua mlango utazame kipimajoto." Na Bi Mwanaima akiambiwa jambo na binti yake fundi, hulishika kama sala.

Yaani umeme ukirudi tu, atakwenda moja kwa moja kushika ule mpini.

Alishika simu ampigie Hussen, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli palepale mjini Lindi na pikipiki yake mwenyewe. Jina likawa kwenye kioo, kidole kikawa juu yake. Atamwambia nini? Kwamba nimempelekea mama yako mauti, nimeyapiga na msasa yang'ae? Akaitia simu kwenye pindo la kanga, akatoka mbio kwenda kijiweni kumtafuta Nassibu, bodaboda aliyekuwa akimbebea mizigo yake.

"Rutamba," alisema, akiwa ameshapanda.

"Dada, na njia hii ya mvua?"

"Nassibu, mama anakufa."

Hakuuliza tena.

Lami ilipoisha, barabara ilikuwa uji mwekundu. Pikipiki ilikwenda kwa ubavu, ikakanyaga ukingo, ikazama, ikatoka. Pande zote mikorosho ilisimama inachuruzika maji. Mwanaheri hakuona. Macho yake yalikuwa juu, kwenye nyaya, akizifuata nguzo baada ya nguzo. Kila alipoona mafundi hawapo alishukuru, halafu akaogopa kwamba hawapo kwa sababu wameshamaliza. Alijaribu kusoma dua, zikachanganyika, akabaki na neno moja tu analirudia: bado, bado, bado.

Walipokuwa wakipita kijiji kimoja kabla ya Rutamba, adhana ya adhuhuri ilikuwa inatoka msikitini, sauti tupu ya mtu bila kipaza. Adhuhuri. Mama mdogo sasa hivi anatia udhu. Atakuwa peku, miguu imelowa.

Na ndipo, hatua chache mbele, kwenye kibanda cha kinyozi, muziki ukalipuka katikati ya wimbo, kwa nguvu zote, pale ulipokuwa umekatiwa jana. Watoto wakaruka barabarani. "Umeme huooo! Umerudi!"

"Afadhali," Nassibu akasema, "nitachaji simu."

Mwanaheri akampiga ngumi ya mgongo. "Kimbiza! Kimbiza, Nassibu!"

"Tutaanguka, dada!"

"Tuanguke!"

Na kweli walianguka. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma liliwapita, wakalala kwenye tope wote wawili na chombo juu yao. Mwanaheri alitoka chini ya pikipiki akiwa na ndala moja na goti limechanika. Hakuitafuta ya pili. Nassibu alipopiga kiki injini ikakataa, akapiga tena, ikakataa, na kwa muda huo Mwanaheri alikuwa ameshaanza kukimbia. Pikipiki ikamkuta mbele, akaidandia ikiwa bado inakwenda.

Nyumba ya Bi Mwanaima ilikuwa imetulia. Mlango wa mbele wazi, ndoo ya udhu kizingitini, kata ikiwa juu yake. Nyayo za maji zilikwenda kutoka kwenye ndoo kuelekea ndani. Hazikwenda kwenye mswala. Zilipinda kushoto, kwenye chumba cha jirani na jiko.

"Mama mdogo!"

Akajibiwa na sauti ambayo mpaka leo akiisimulia hushika koo lake. Mngurumo, kama wa mtu anayeimba huku amefunga meno.

Bi Mwanaima alikuwa amesimama mbele ya friji, ameupa mlango wa chumba mgongo, bega moja limepanda juu. Mtandio ulikuwa umemwanguka. Mkono wa kulia ulikuwa umeung'ang'ania ule mpini unaong'aa, na mwili wote ulikuwa unatetemeka, mtetemo mdogomdogo wa haraka, kama ungo wa mtu anayepepeta. Balbu zilikuwa zimewaka vizuri ndani. Mayai yalionekana.

Mwanaheri alitaka kumrukia amkumbatie. Mikono yake ikatangulia. Halafu mkono wa kulia, ule ule uliodakwa asubuhi, ukarudi nyuma wenyewe. Alijua. Ukimshika mtu aliyeshikwa, mnakuwa wawili. Plagi ilikuwa nyuma ya friji, haifikiki bila kugusa bati. Na yeye alikuwa na mguu mmoja peku kwenye sakafu ya maji. Alisimama pale. Hakusimama kwa muda mrefu, lakini alisimama, na katika kusimama kule aliogopa kufa kuliko alivyomwogopea mama yake, na aliijua hofu ile, na akaichukia.

Kisha akauona mchi wa kinu umeegemezwa ukutani, mti mkavu, mzito. Akaukamata. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu, likateleza. La pili alilileta toka juu ya kichwa kwa nguvu zote, likatua chini kidogo ya kiwiko. Akasikia mfupa. Mkono ukaachia, na Bi Mwanaima akaanguka kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

Mwanaheri akaupitisha mchi nyuma ya friji, akaukandamiza waya nao, akavuta mpaka plagi ikatoka na kipande cha soketi. Balbu zikazimika. Akapiga magoti, akalaza sikio kwenye kifua cha mama yake. Kulikuwa na mapigo, lakini yalikuwa yanapiga kila mahali, kifuani, masikioni, gotini, na hakujua anausikiliza moyo wa nani.

"Anapumua?" Nassibu aliuliza kutoka mlangoni, hathubutu kuingia.

"Sijui."

"Dada, anapumua?"

"Sijui! Sijui!"

Ndipo Bi Mwanaima alipovuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, kama mtu anayetoka chini ya maji, na Mwanaheri akaanza kulia kwa sauti, akiwa ameushika ule mkono uliopinda mahali pasipopindika.

Zahanati walimfunga mkono kwa vibao, wakamsikiliza moyo, wakasema asikae hapo, apelekwe mjini haraka. Gari dogo lililokuwa limepakia mihogo likashusha mizigo yake njiani, likawachukua. Mwanaheri alikaa nyuma na mama yake mapajani, akimtazama kope. Kila zilipotulia alimwita. Kila alipoitwa, Bi Mwanaima aliguna, na kila guno lilimpa Mwanaheri nguvu za kuvuka kilima kimoja tu.

Hussen, ambaye Mwanaheri alimpigia simu wakiwa njiani, aliwakuta hospitali ya mkoa. Alisikiliza yote amesimama, funguo za pikipiki mkononi. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Ulijua tangu asubuhi," alisema.

"Nilijua."

"Mimi niko hapa mjini. Nina chombo kinakwenda kuliko cha Nassibu. Kwa nini hukunipigia?"

Mwanaheri alitazama miguu yake, mmoja una ndala mmoja una tope. "Niliogopa," alisema.

"Uliniogopa mimi, ukamwachia mama umeme."

Akaenda kukaa mwisho wa benchi. Wakakaa hivyo mpaka jioni, benchi moja, kama watu wasiojuana. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa wote wawili waliinuka.

Daktari aliposema moyo umetulia, ila wataendelea kuuangalia, waliruhusiwa kuingia. Bi Mwanaima alikuwa amelala, plasta imefika kiwikoni, vidole viwili vimefungwa bandeji kwa kuungua. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nani kanipiga?" aliuliza.

"Ni mimi, mama mdogo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umeshikwa na umeme."

Akawaza. "Nilimaliza udhu, ndiyo kwanza nikashika mpini, nikakusikia unaniita. Nikakuitika, hukunisikia?" Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Nilikuwa nakuitika mwanangu, mdomo haufunguki. Nikajua naondoka na watu hawajui kwamba nipo humu ndani."

Hussen akatoka nje. Mwanaheri akabaki, akamfuta.

Aliporudi Rasbura, Mwanaheri hakufungua meza yake. Alikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta vitu vyake. Mashine za nazi, majiko ya feni, taa za betri za kompyuta, vyote alivigusa na testa. Wengine walimshukuru. Warda, mpika wali wa karibu na stendi, alimkatalia mlangoni.

"Mashine yangu nzima, Mama Spea. Nina wateja. Ukiichukua nitakuna kwa mkono gani?"

"Nitazame tu, Warda."

"Ulipoiuza ulisema haina neno. Leo unasema ina neno. Nikuamini lini?"

Mwanaheri alikaa kwenye ngazi ya Warda mpaka sufuria ya mwisho ilipotoka mekoni, na Warda, kwa uchovu wa kumwona pale, akamwambia aingie. Kitaa cha testa hakikuwaka. Hata hivyo aliifungua mashine yote, akavika mpira kila waya ulipopita kwenye bati, akatia na waya wa kupeleka umeme ardhini. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliwaza kama kuna nyumba ameisahau. Wazo hilo halikumwacha mwaka ule wote. Akisikia king'ora, au watu wamekusanyika mahali, hujiuliza kwanza kama ndani ya nyumba hiyo mna kitu chake.

Bi Mwanaima alipona mkono, ukabaki umepinda kidogo. Ila hakuwasha tena swichi kwa kidole. Kule Rutamba akawa na kijiti cha mwanzi kando ya kila mlango, akitaka taa anasimama mbali anabonyeza kwa kijiti, ameinamisha uso pembeni. Wajukuu walicheka. Mwanaheri alipoliona hilo mara ya kwanza alitoka uani akajifanya anatafuta kuku.

Siku alipomjengea kitotoleo kipya, alikitengeneza kwa mbao tupu, kinatumia betri ya gari inayochajiwa na sola, umeme mdogo usioweza kumshika hata mtoto aliyelowa. Bi Mwanaima alikaa uani mbali, kwenye kigoda, amekumbatia ule mkono.

"Tayari, mama mdogo. Njoo uone."

"Umekijaribu?"

"Nimekijaribu."

"Kijaribu tena, nikuone."

Mwanaheri akanyoosha mkono. Alijua mbao haipitishi umeme. Alijua betri ile haina nguvu hiyo. Kila alichofundishwa na Majid kilimwambia hakuna kitu. Lakini vidole vilipokaribia kile kimlango, vilisimama vyenyewe hewani, na kwapa likatoa jasho. Mama yake alikuwa anatazama. Akafumba macho, akashika.

Hakuna kitu. Akafungua, akafunga, akafungua tena.

"Umeona?"

"Nimeona," Bi Mwanaima alisema kutoka kwenye kigoda chake. Akatazama kuku wawili wanaogombea funza. "Kesho nitakuja nikishike. Leo bado."

"Haya, mama mdogo," alisema Mwanaheri. "Mimi nalala hapa hapa. Kesho tutakishika wote."